Dogo wangu ana sentimita 168 na anacheza fowadi hoki ya barafuni, kuna maisha kwenye ligi za kulipwa au tunachoma hela tu?

BabaTindo:
Wakuu habari za saa hizi. Kabla hamjacheka naomba mnisikilize kwanza. Mi kwetu Tanga ila niko Calgary huku Kanada mwaka wa kumi na nne sasa, na mtoto wangu wa pili badala ya kupenda mpira kama baba yake akaenda kupenda hoki, na sio ile ya kwenye nyasi tuliyokuwa tunaiona kwetu, ni hii ya kwenye barafu, wanavaa viatu vina visu chini na wanafukuzana na kile kidude cheusi cha mpira wanaita paki. Ameanza ana miaka sita, leo ana 16, mzaliwa wa Novemba, ana sentimita 168 na kilo 62 akiwa ameshiba. Winga wa kushoto. Mbio anazo, mikono anayo, magoli anafunga, msimu uliopita kwenye timu yake alikuwa wa pili kwa magoli.

Sasa shida iko hivi. Kwenye drafti (ile siku timu zinapokezana kuchagua wachezaji chipukizi) ya ligi ya vijana ya huku magharibi hakuchaguliwa, tukasema sawa. Mwezi uliopita akaenda kufanya majaribio timu moja sitaitaja, siku tatu, mi nimekaa jukwaani na kahawa yangu mkono umekufa ganzi. Mwisho wanaitwa mmojammoja. Dogo akatoka dakika mbili tu. Namuuliza kocha kasemaje, ananiambia "kasema mikono ipo, kichwa kipo, nirudi nikikua". Basi. Njia nzima kwenye gari hakuna aliyeongea.

Juzi usiku naamka kunywa maji namkuta saa sita ananing'inia kwenye lile bomba la mazoezi mlangoni, kimya, hafanyi hata mazoezi, ananing'inia tu kama nguo kwenye kamba. Namuuliza vipi, anasema anajivuta. Wakuu, mama yake ana sentimita 155, mi mwenyewe nikiingia Kariakoo sionekani, sasa huo urefu autoe wapi? Kwenye fremu ya mlango wa jikoni tunachora alama za penseli kila baada ya miezi miwili, alama mbili za mwisho zimekaa juu ya mstari uleule.

Swali langu, na naomba ukweli sio kunifariji: fowadi mfupi namna hii kuna anayefika ligi ya kulipwa kweli, au nimwambie mapema aelekeze nguvu shule? Maana hela inayokwenda hapa, viatu, magongo, ada, safari za kila wikiendi, ningeshamaliza nyumba Tanga.

Jogoo_la_Shamba:
Mkuu pole ila mbona jibu liko wazi, Messi ana 170 na Kanté ana 168, wote wamebeba Kombe la Dunia. Kimo sio shida, shida ni kipaji. Mwambie dogo akaze. By the way nyumba Tanga malizia, uwanja unapanda bei.

Nai_Barafu:
@Jogoo_la_Shamba wacha nikurekebishe kidogo bro, hapo kwa Messi umechanganya. Kwa mpira ukimkumba mtu kwa nguvu refa anapuliza. Kwa hoki ya barafu kukumba mtu mwenye ako na paki ni halali kabisa, ni sehemu ya mchezo, na kuna ukuta pembeni kwa hivo huna pa kutokea. Mi nimecheza ile rinki ya Panari hapa Mombasa Road, ile ni ndogo haijafika saizi ya kawaida, tena sisi hatugongani vile wanagongana huko majuu, lakini siku moja jamaa wa kilo mia hivi alinibana kwa kona nikasikia meno yanagongana ndani ya helmeti, na hakuwa amekasirika hata, alikuwa tu anapita. Sasa fikiria mtu wa kilo 62 anafanyiwa hivo mara ishirini kwa mechi moja na watu wanalipwa kufanya hiyo kazi.

Lakini BabaTindo usikate tamaa, mi niko upande wa dogo. Hata sisi Ice Lions, timu ya hoki ya barafu ya Kenya, watu walikuwa wanatucheka, Wakenya na barafu wapi na wapi, na 2018 vijana wakapelekwa huko Kanada wakacheza na mastaa wa ligi kuu, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na 2024 Kenya ikaingia shirikisho la dunia. Wale wanaojua hoki ya huko zaidi yangu waje.

Mzee_wa_Saddledome:
Nimeitwa nimekuja. Mimi ni mtu wa Mombasa, Calgary nimeingia 1996, kwa hiyo BabaTindo wewe ni mdogo wangu hapa mjini na nashangaa mtu anaishi Calgary halafu anauliza kama fowadi mfupi anaweza. Ndugu yangu, huu mji ndio mji wa wafupi! Keti nikupe hadithi.

Wa kwanza ni Theo Fleury. Ana sentimita 168. Soma tena, 168, urefu uleule wa mwanao. Flames, timu yetu ya hapa Calgary, walimchukua kwenye drafti ya ligi kuu (NHL) ya 1987 namba 166, raundi ya nane, yaani walimuokota kama chenji inayobaki dukani. Msimu uliofuata kule Moose Jaw akamaliza na pointi 160 (goli ni pointi, pasi ya goli ni pointi) sawa na Joe Sakic kileleni mwa ligi hiyohiyo ya vijana ambayo imemkataa mwanao. 1989 akabeba Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi kuu, na Flames akiwa mwaka wa kwanza. 1990-91 akafunga magoli 51. Ukihesabu maisha yake yote kwenye ligi kuu, mechi 1,084, pointi 1,088. Na enzi hizo ndugu yangu watu walikuwa wanakatana kwa magongo mchana kweupe refa anaangalia pembeni. Ila nikwambie ukweli, Fleury alikuwa mkorofi. Ukimgusa anakugusa mara mbili. Mtu mkubwa alikuwa anafikiria kwanza kabla ya kumsogelea, kama unavyofikiria kabla ya kumkaribia nyuki.

Wa pili ndio anaeniuma roho mpaka leo. Martin St. Louis, sentimita 173 wanasema, mimi nilimwona karibu naona hizo ni pamoja na viatu. Huyu drafti hawakumchukua kabisa, timu zote, raundi zote. Akasoma chuo Vermont, akaja kwetu Flames, mechi 69 kwa misimu miwili wakampa dakika za kuokoteza, magoli manne. Mwaka 2000 zikaja timu mbili mpya kwenye ligi, Minnesota na Columbus, karibu kila klabu inatakiwa kuacha wachezaji ambao hizo timu mpya zinaweza kujichukulia bure. Flames wakamuacha wazi. Hakuna aliyemtaka. Bure, na hawakumtaka! Flames wakamlipa wakamfungulia mlango. Tampa, timu ya Florida, wakamuokota.

Miaka minne baadaye, 2004, fainali ya Kombe la Stanley ni Flames na Tampa. Sisi tunaongoza mechi tatu kwa mbili, mechi ya sita iko hapahapa Saddledome, uwanja wetu, tukishinda kombe letu. Mtaa wa 17 umejaa watu wekundu mpaka juu ya vibanda vya basi. Mbili mbili, tukaingia muda wa nyongeza, ukaisha, tukaingia wa pili. Sekunde ya 33. Paki inadondoka mbele ya kipa wetu, na nani yuko pale? Yuleyule tuliyemfukuza kwa ufupi. Nilikuwa nimesimama kwenye baa na soda mkononi, nakumbuka ukimya wake, ule ukimya wa matanga. Mechi ya saba wakashinda kwao, wakabeba. Msimu ule St. Louis aliongoza ligi nzima kwa pointi, 94, akachukua na tuzo ya mchezaji bora. Na 2013, ana miaka 37, akaongoza tena. 2018 wakamuingiza kwenye Jumba la Umaarufu. Sasa kawa kocha Montreal.

Wa tatu ni Johnny Gaudreau, Mungu amrehemu. Sentimita 175, mwembamba kama fimbo ya bakora, drafti ya 2011 namba 104. Mechi yake ya kwanza ligi kuu, shuti lake la kwanza, goli. 2021-22 akatupa pointi 115. Agosti 2024 yeye na mdogo wake wanaendesha baiskeli kule New Jersey, gari likawagonga wote wawili wakafariki, usiku wa kuamkia harusi ya dada yao. Ngazi za Saddledome zilifunikwa na magongo na jezi na maua, hata sisi watu wazima tulienda tukasimama pale.

Kwa hiyo jibu ni ndio. Sasa waje wenye roho ngumu wakwambie upande wa pili.

Kinyonga77:
Nimekuja mzee wangu, mwenye roho ngumu ndo mimi. Niko Minnesota huku, nimeshasimamia madogo wa hoki misimu kadhaa, nacheza na mwenyewe ligi ya wazee. Hizo hadithi zako tamu na zote za kweli, ila kuna kitu hujasema. Kwa kila St. Louis mmoja kuna kundi la watoto wafupi wenye mikono mizuri wako sasa hivi wanauza bima na wanacheza Jumatano usiku na watu kama mimi. Hao hakuna anayewaandika.

Afu kuna hesabu ambayo baba wengi hawaioni mpaka wamechelewa. Timu ya ligi kuu ina laini nne za mafowadi, watatuwatatu, jumla 12 kwa mechi. Laini mbili za juu ndo wafungaji. Laini ya nne kazi yake sio kufunga, ni kugonga, kuzuia shuti, kupumzisha wale mastaa dakika nane tisa, na hiyo kazi wanapewa nani? Wanapewa mijitu ya sentimita 190. Wastani wa mchezaji ligi kuu ni kama 185 na kilo 90 hivi. Sasa mtu mkubwa mwenye kipaji cha kawaida anapata kazi laini ya nne, analipwa vizuri, anastaafu na nyumba ziwani. Mfupi mwenye kipaji cha kawaida hana pa kukaa. Ngazi yake ina kidato cha juu tu, cha chini hakipo. Ama uwe mfungaji wa laini mbili za juu na unacheza pawa plei (pale wapinzani wako pungufu kwa adhabu), ama urudi ligi ndogo upande mabasi. Ndo maana watu wanasema mfupi anahitaji kuwa bora mara mbili, sio kwamba makocha wana chuki (wengine wanayo), ni kwamba nafasi zenyewe ziko chache kwake.

Kwa hiyo BabaTindo swali la kujiuliza sio "mfupi anaweza". Jiulize dogo ana kitu gani kimoja ambacho kati ya watoto mia wa umri wake kwenye mkoa wenu yeye ni wa kwanza au wa pili. Sio mzuri. Wa kwanza au wa pili. Kama ni kasi, iwe kasi ya kutisha. Kama ni shuti, kipa aione imeshapita. Wa pili kwa magoli kwenye timu yake mwenyewe, samahani kaka, hapo bado hatujaanza kuongea.

BabaTindo:
@Mzee_wa_Saddledome shikamoo mzee wangu, nimesoma nikaenda kumsomea dogo ile ya 2004, kumbe yeye anaijua kuliko mimi, ameshaiangalia yutubu sijui mara ngapi.

@Kinyonga77 umenichoma lakini ndo nilichoomba. Nimemuuliza dogo swali lako kama lilivyo. Akakaa kimya afu akasema "baba mimi kwenye kona wakinifuata sipotezi paki". Nikamwambia wewe na kilo zako hizo? Akasema njoo uangalie. Mi miaka yote naangalia magoli tu, sijawahi kuangalia kona. Mnajua nini kuhusu hilo?

Kinyonga77:
Aaa sasa hapo umesema kitu, kama ni kweli. Nitakwambia cha kuangalia.

Paki ikienda kona, mtoto mkubwa anafika na kutegemea uzito, anabana mtu ukutani anasubiri paki imtoke. Mfupi akisimama wima amekwisha, anapigwa begani anakuwa bango. Mfupi mjanja anafanya hivi: kabla hajafika anageuza shingo mara mbili, anachungulia nyuma, kushoto, kulia, anajua nani anakuja na kutoka upande gani. Hiyo ndo ya kwanza na ndo kubwa kuliko zote, hesabu mara ngapi anageuza shingo. Ya pili, magoti yamekunjwa mpaka makalio yako chini kabisa, kiuno chake kinakuwa chini ya kiuno cha beki, sasa yule jitu akija kukumba anakumba mgongo uliolala, nguvu inapita juu, mara nyingine anajikwaa mwenyewe. Ya tatu, hasubiri kugongwa, anaugusa mwili wa beki YEYE kwanza, kidogo tu kwa nyonga, anamtoa kwenye mizani nusu sekunde, afu anakata kwa ukingo wa kisu cha kiatu kwenda upande mwingine. Beki wa sentimita 193 kugeuka ni kama lori la mchanga kugeuka uchochoroni. Nusu sekunde inatosha.

Ukiona anafanya hayo matatu mwenyewe bila kufundishwa, nirudie hapa. Kama anashinda kona kwa sababu wenzake wa ligi yake wanamwogopa au ni wazembe, huko juu haitamfaa.

Halafu gongo lake limefika wapi? Simama naye akiwa amevaa viatu vya barafu. Wazazi wengi wananunua refu wakidhani mtoto atakua (wewe pia najua!) matokeo yake mikono iko mbali na mwili, paki inakaa mbali, kila mtu anaichomoa.

MamaWaWatatu:
Samahani naingilia baba zangu. Mi ni nesi Edmonton, sijui hoki zaidi ya kuosha zile jezi zinazonuka, ila hapo kwa kuning'inia mlangoni pamenigusa. Kaka BabaTindo, kuning'inia hakumrefushi mtu, wala maziwa ndoo nzima, wala zile dawa za kurefusha zinazouzwa mtandaoni, tafadhali usije ukanunua. Mpeleke kwa daktari wake apigwe picha ya mkono waangalie mifupa imefunga au bado, ni kitu cha dakika chache, angalau ajue. Kama bado iko wazi basi atulie. Kama imefunga basi pia atulie, kuliko kila usiku kwenda kupima penseli.

Na la pili ni kichwa. Sio kichwa cha kufikiria, kichwa cha kugongwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary hapohapo kwenu waliwafuatilia watoto wa miaka 11 na 12 wa Alberta ambako kukumbana kuliruhusiwa wakawalinganisha na wa Quebec ambako hakukuruhusiwa, wa Alberta walikuwa wanaumia zaidi ya mara tatu, na 2013 Kanada nzima wakaondoa kukumbana kwa umri ule. Wako ana 16, huko kwenye ngazi za juu ruhusa ipo. Mtoto mfupi bega la mwenzake linafika wapi? Linafika kidevuni. Mi siombi umtoe, naomba akigongwa akasema kichwa kinazunguka usimrudishe siku hiyo hata kama skauti wa Montreal mwenyewe kakaa jukwaani.

Jogoo_la_Shamba:
Mmeniangusha wote nimenyamaza. Ila swali la mshamba: hivi sheria hazimlindi mfupi? Maana kwetu mpira siku hizi ukimgusa mtu kadi.

Mzee_wa_Saddledome:
Swali zuri kuliko unavyofikiri. Zamani hazikumlinda. Miaka ya tisini yote mpaka 2004 beki akizidiwa mbio alikuwa anakuwekea gongo kiunoni anapanda kama teksi, au anakushika jezi, refa kimya. Mchezo ukawa mzito, magoli yakapungua. 2004-05 ligi haikuchezwa kabisa, wenye timu na wachezaji waligombana mishahara, waliporudi 2005 wakaamua kushikana na kunasana kwa magongo ni adhabu kila mara, na wakafuta ile sheria ya kukataza pasi ndefu kuvuka mistari miwili. Ghafla mwenye mbio ana barabara. Msimu uleule Brian Gionta wa New Jersey, sentimita 170, akafunga magoli 48, rekodi ya klabu. Baadaye ikaja na sheria ya kupiga marufuku kukumba kichwa. Kwa hiyo mwanao amezaliwa wakati mzuri kuliko Fleury.

Sasa BabaTindo nikupe mambo matatu ya huku kwetu ambayo labda hujaambiwa.

Umesema Novemba. Kwenye hoki za watoto Kanada wanahesabu mwaka kuanzia Januari mosi, kwa hiyo mwanao miaka yote amekuwa akicheza na watoto waliomzidi karibu miezi kumi na moja, wakiwa na miaka saba huo ni mlima. Makocha wanawaona wa Januari wanadhani ni kipaji kumbe ni umri. Lakini drafti ya ligi kuu yenyewe inakata Septemba 15. Wenzake wa mwaka wake waliozaliwa mpaka hiyo tarehe wataingia drafti mwaka mmoja kabla yake. Yeye ana msimu mzima wa ziada wa kukua na kuonekana. Ulilijua hilo?

Kutochaguliwa kwenye drafti ya vijana hakufungi mlango pia, timu zinaruhusiwa kumuandikisha kwenye orodha yao mtoto ambaye hakuchaguliwa wakimuona baadaye. Na kuna njia ya vyuo vya Marekani, njia aliyopita St. Louis na Gaudreau. Zamani ukigusa ligi kubwa ya vijana ya Kanada hata mechi moja, vyuo vya Marekani vinakufungia. Hiyo sheria imevunjwa, tangu Agosti 2025 unaweza kucheza huku halafu ukaenda chuo kule. Kwa mfupi hiyo ni zawadi, chuoni mechi ni chache, siku za wiki wako chumba cha vyuma, anatoka ana miaka 22 au 23 na mwili wa mtu mzima. Na ameshasoma, hapo ndipo mkeo atakapotabasamu.

La tatu ni kocha. Cole Caufield wa Montreal, sentimita 173 hivi, akiwa na vijana wa Marekani alifunga magoli 72 kwa msimu mmoja, na bado kwenye drafti ya 2019 timu kumi na nne zikampita. Msimu wa 2021-22 mechi 30 za kwanza goli moja. Moja! Watu wakaanza zile nyimbo zao, mfupi huyo, mfupi huyo. Februari wakamfukuza kocha wakamleta nani? Martin St. Louis. Mechi 37 zilizobaki Caufield akafunga 22. Mtu yuleyule, mwili uleule, urefu haukuongezeka hata nusu sentimita. Kwa hiyo ukitafuta timu usitafute yenye jina, tafuta kocha ambaye hamtazami mwanao kuanzia juu.

Kinyonga77:
Hapo kwa kocha nakubaliana na mzee asilimia zote. Niongezee Ulaya, maana ameuliza ligi za kulipwa sio ligi kuu tu. Uswidi, Ufini, Uswisi watu wanalipwa na wanaishi vizuri. Barafu ya kule kwa kawaida ni pana kuliko ya huku, huku upana ni mita 26 kule viwanja vingi vinakaribia 30, kwa hiyo kona ziko mbali na goli na mwenye mbio anapata pa kupumulia. Mats Zuccarello wa Norwei, mfupi, drafti hakuchukuliwa, akaenda kucheza Modo kule Uswidi, 2010 wakamchagua mchezaji bora wa ligi, New York wakaja wenyewe kumchukua. Ila usiende na mawazo kwamba Ulaya ni rahisi, wale Waswidi wa laini ya tatu wanateleza kama wamezaliwa na visu miguuni.

Nai_Barafu:
Nimesoma hii thread yote nikaenda kupima urefu wangu. 171. Kumbe nilikuwa na chance, ni vile tu nilizaliwa Pipeline haha

BabaTindo:
Narudi na ripoti. Jana jioni nilienda kuangalia mazoezi na kalamu mfukoni kama mkaguzi. Nikakaa nyuma ya kioo cha kona badala ya kule juu nilikozoea, na niwaambie, pale chini ni mchezo mwingine kabisa, kioo kinatikisika mpaka kahawa inamwagika. Nimehesabu. Paki ilienda kona yake mara kumi na moja, mara tisa alichungulia nyuma kabla hajafika, mara nyingine mara mbilimbili. Alipoteza tatu. Moja alibanwa na beki wao mmoja mkubwa, huyo mtoto ana miaka 17 na ndevu, nikasimama nikidhani kavunjika, kumbe yule beki ndo kaanguka, dogo katoka chini ya kwapa lake na paki kwenye gongo. Ile ya kiuno kuwa chini nimeiona kwa macho yangu @Kinyonga77, hakuna aliyemfundisha, nilimuuliza akasema "ningefanyaje sasa, wote wamenizidi tangu utotoni".

Gongo ni refu. Ulijuaje? Tumelikata inchi mbili gereji leo asubuhi kwa msumeno, amelalamika kwamba linahisi jepesi, nikamwambia siku tatu halafu uniambie.

Dada MamaWaWatatu, daktari ni Alhamisi ijayo. Bomba la mlangoni nimelitoa, nimemwambia mpaka picha ya mkono ije.

Mzee wa Saddledome kuna timu ya daraja la chini ya ile iliyomkataa, majaribio yao ni mwisho wa mwezi, nimesikia kocha wao mwenyewe alikuwa fowadi na ni mfupi kuliko mimi. Kama unamjua mtu pale nicheki inbox, na kama uko huru Jumamosi njoo uangalie, mazoezi ni saa kumi na mbili asubuhi, kahawa juu yangu.

Mzee_wa_Saddledome:
Saa kumi na mbili asubuhi kwa baridi hii? Wewe kweli mtu wa Tanga. Nakuja. Mwambie avae namba 26, ile ya St. Louis kule Tampa.

BabaTindo:
Mzee, anaivaa tangu ana miaka tisa. Mi nilidhani ni namba tu.